Maiti Wenye Siafu

Waigizaji walianguka kama Koplo alivyowafundisha, magoti kwanza, si kwa kurusha mikono juu kama wanavyopenda watu wa sinema. Aliajiriwa kwa kazi hiyo tu, maana vita vya kweli aliviona kwa macho yake.

Moshi ulipotulia, mmoja alikuwa kifudifudi, shavu kwenye tope, buti moja limemchomoka. Koplo alipiga hatua kumwendea, akajizuia. Mkewe alimkataza kazi hii, asije akaanza tena kupiga mayowe usingizini.

"Kata!" mwongozaji alipaza sauti.

Yule wa buti akaketi. "Jamani, siafu! Wameniingia mpaka pasipotajika!"

"Si ungefia kwingine, bwege wewe!" akajibu maiti mwenzake. Wote wakaangua kicheko, wakainuka wakijipangusa tope.

Koplo aliwatazama mmoja mmoja, mpaka wa mwisho aliposimama. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

"Imetosha, mzee," alisema mwongozaji. "Picha imekaa vizuri."

"Hapana, mwanangu." Koplo alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Naomba turudie. Hasa pale wanapoinuka."