Siti ya Hiza

Fundi Mbwana alishaibadilisha ile baiskeli ya zamani ya milimani karibu yote. Usukani kauinua, nyuma kafunga keria ya kubebea mboga. Imebaki siti tu, na siti iko juu kwelikweli, maana Hiza mwenye baiskeli, mtoto wa Mama Hiza, mrefu kama nguzo ya umeme. Hiza aliondoka kutafuta kazi, simu yake ikazimika, basi, mpaka leo hakuna anayejua yuko wapi.

“Bomba la siti limeng'ang'ania kwenye fremu, kutu tupu,” fundi akasema. “Nimemwaga mafuta, nimegonga, wapi. Hapa ni kukata, Mama Hiza.”

“Ukikata, Hiza akirudi ataendeshaje?”

“Magoti yatamgonga kidevu.”

Mama Hiza akacheka kidogo. Mchicha wake ulishaanza kunyauka kwenye tenga, na miguu yake siku hizi haimfikishi sokoni.

“Nifungie vipande vya mbao kwenye pedali, miguu yangu ifike.”

“Pedali utafika, mama, ila chini hufiki. Utasimamaje? Utashukaje?”

“Hizo mbao zinafunguka baadaye?”

“Zinafunguka.”

“Basi funga.”

Fundi akafunga, hana raha. Akafunga na tenga kwenye keria, akamshika mama mkono, akampandisha baiskeli kutoka juu ya benchi lake. Mama Hiza akayumba, akanyooka, akashika mteremko wa sokoni, kichwa chake kikipita juu ya kuta za watu.

Fundi akalibeba benchi, akaanza kukimbia nyuma yake.