Zamu ya Wanawake

Jumamosi alasiri sinema ilikuwa ya wanawake peke yao, na kila mwaka ilipoletwa filamu ya mlima wa moto walikuja na leso za kulilia. Lakini filamu ile ilikuwa ndefu mno. Adhana ya magharibi iliwakuta wapenzi wangali wanakimbia majivu, bibi juu ya punda, bwana ameshika hatamu, na wanawake wote wakainuka kwenda kuwapikia waume zao. Mwaka wa saba huu, hakuna aliyeujua mwisho.

"Watafika tu," Mafunda alisema kila mara mlangoni. "Mapenzi yale yafe?"

Jumamosi hii shoga yake, Mwanasiti, hakuinuka. Alikuwa ametoka eda ya mumewe juzi, na nyumbani hapakuwa na wa kupikiwa. Akabaki na viti vitupu. Akamwona bwana, miguu imemwishia nguvu, anampa bibi hatamu na kumpiga punda kofi, kisha anakaa njiani akimtazama anavyokwenda, mpaka majivu yakamfunika.

Alipotoka, Mafunda alikuwa amerudi mlangoni, mikono yanuka vitunguu.

"Shoga, nimeacha chungu motoni. Niambie, walifika?"

Mwanasiti aliificha leso iliyolowa ndani ya buibui.

"Walifika. Wamejenga. Bwana hagusi chakula mpaka bibi akae naye."

Mafunda alimjua mtu mmoja tu wa tabia hiyo, na alihudhuria maziko yake. Alimshika Mwanasiti mkono, wakaenda taratibu, na chungu kule kikiungua.