Tapeti za Fundi Sikio

Simu iliita juu ya meza ya spana mpaka ikakata. Ikaita tena. Fundi Sikio hakuinua hata kichwa. Aliendelea kuinamia injini, mgongo wake ukielekea mlangoni.

Aliyekuwa akipiga alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni, simu mkononi. Alikuwa binti yake wa pekee. Alitaka tu kuona kwa macho yake jambo alilokuwa akilikisia kwa mwaka mzima: kwamba baba yake huiacha simu yake iite mpaka ichoke. Sasa ameona. Liliuma kuliko alivyodhani.

Waliachana vibaya. Binti aliacha kazi nzuri ya maabara ili aendeshe magari ya mashindano, akaondoka bila kuaga. Miezi haikupita mingi, mzee akawa hapokei simu. Ujumbe wa maandishi alijibu, tena kwa neno moja moja: Sawa. Nzuri. Lete. Hilo "Lete" ndilo lililolifikisha gari lake la mashindano hapa wiki tatu zilizopita, likiwa juu ya lori, injini imekufa na mbio za Jumapili hii zikikaribia. Mafundi wengine walikuwepo, tena wengi. Lakini binti alitaka injini ifufuke na baba aache kununa, na kati ya hayo mawili, injini ndiyo iliyokuwa kazi rahisi.

"Shikamoo, Baba."

Akazunguka gari hadi upande wa pili wa boneti. Hapo ndipo mzee alipoinua macho, akashtuka, akamkazia macho usoni bila kupepesa.

"Shikamoo," akarudia.

"Marahaba! Umefika!" Alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayegombana.

Karakana ilikuwa ile ile, ila imepwaya. Wale mafundi wawili waliokuwa wakitaniana na mzee kutwa nzima hawakuwapo. Redio kwenye rafu ilikuwa ikikoroma bila stesheni. Binti aliizima, na mzee hakugeuka. Spana zilining'inia ukutani kwa mpangilio, nazo tangu zamani zilichezacheza kila mashine ya kusaga nafaka ya jirani ilipoanza kazi. Sasa hivi mashine ilikuwa imenyamaza. Binti alipaonea huruma mahali pale, akamwonea huruma na baba yake, kisha akaikumbuka ile simu, akaacha.

Mfuniko wa injini ulikuwa umetolewa. Mzee alizungusha injini taratibu kwa spana, akangoja vali ifunge kabisa, akapenyeza fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi kati ya vali na tapeti, chuma kinachoisukuma. Nafasi ikibana, vali itaungua; ikizidi, itagonga mpaka kitu kivunjike. Akaandika ukutani kwa chaki. Akapima tena. Akapima mara ya tatu.

Binti alishangaa. Huyu ndiye aliyepewa jina la Sikio kwa sababu aliseti tapeti kwa kusikiliza tu, ameipa injini mgongo, huku wateja wakimtazama midomo wazi. "Fila ni ya wasio na masikio," alikuwa akiwatania wenzake, na karakana nzima ilicheka.

"Siku hizi unapima, Baba?"

Mzee alikuwa ameinama. Akaendelea kupima.

"Basi nipe sikio kidogo tu. Nimekuja na maneno yangu."

Hakujibu. Haya, binti alijisemea, ametia pamba masikioni na leo haitoi. Hakutaka kulia mbele ya gari lake mwenyewe.

Mzee alirudisha mfuniko, akakaza nati zake moja baada ya nyingine, akajifuta mikono. Kisha akavua viatu. Huo ulikuwa mtindo mpya. Akaenda kusimama peku katikati ya sakafu ya saruji, akaipa injini mgongo kama zamani, uso akauelekeza ukutani.

"Washa!"

Binti aliingia kwenye gari, akaufumbata ufunguo kiganjani. Aliutazama ule mgongo. Ulikuwa umepinda kidogo kuliko alivyouacha. Injini ikishanguruma hawataweza kusemezana, na baada ya hapo atapakia gari na kuondoka. Tena aliona ni afadhali kusema na mgongo kuliko kusema na ule uso.

"Kabla sijawasha, Baba." Akapandisha sauti. "Nilikosea kuondoka bila kukuaga. Nakukumbuka kila siku. Kama bado umenikasirikia, mimi hiyo Jumapili siendi, na gari nitaliacha hapa hapa. Lakini kama umenisamehe, sema neno moja tu. Lolote lile."

Kwa jirani, mashine ya kusaga ilianza kazi. Spana zikachezacheza ukutani, na mtetemo ukapita sakafuni.

Mabega ya mzee yakalegea. Kichwa chake kikaanza kwenda juu na chini, polepole, kama mtu aliyengoja jambo kwa muda mrefu na sasa limefika. Akanyoosha mkono, dole gumba juu.

"Inaimba!" alipaza sauti bila kugeuka. "Tapeti zote zimekaa, mwanangu. Zima sasa."

Binti alifumbua ngumi. Ufunguo ulikuwa bado kiganjani.