Mafuta Kwenye Kijito cha Mushasha

"Mafuta tena," alisema Upendo, akiinua chupa ya maji kwenye mwanga. Utando wa rangi rangi ulielea juu.

Alikuwa mtaalamu wa maji kutoka Kasulu. Tanzania ilimtuma yeye, Wabelgiji walileta mashine, na kila Jumamosi asubuhi watu wa Mushasha walishuka na majembe kuzoa taka kijitoni. Maji yakipimwa safi, mradi ungehamia Muyinga.

Mama Theodosia alimsogezea kikombe. Yeye pia alikulia Kasulu, kwenye kambi ya wakimbizi, na tangu arudi Burundi majirani walimwita Mtanzania. Hawakuwa wabaya. Ila hakuna aliyewahi kuketi kwenye mkeka wake, mpaka alipokuja binti huyu kupima maji nyuma ya nyumba.

"Chai ya kwetu hasa," Upendo alisema. "Nikiondoka hapa nitakonda."

"Kunywa, mwanangu. Habari za kuondoka hazisemwi na kikombe mkononi."

Uthmani, mwosha pikipiki wa darajani, akaja mbio, mikono imejaa povu. "Madamu, mi nilichimba shimo, maji yangu yote inaingia humo! Mukinifunga, watoto watakula nini?"

"Shimo nimeliona, kaka. Sasa mafuta yanatoka wapi?"

"Mi nitajua? Uliza Mama Mtanzania, ye iko hapa siku muzima."

Wakamgeukia wote wawili. Theodosia alikuwa akikung'uta makombo mkekani.

"Mimi namwona yeye tu," alisema, "na pikipiki zake."

Ijumaa hiyo manispaa ilimwondoa Uthmani darajani, ndoo zake zikapakiwa kwenye lori.

Jioni Upendo alipita kuaga. "Jumatatu napima mara ya mwisho, Mama. Safari hii yatakuwa safi. Nimeshaambiwa nifungashe."

Theodosia alimsindikiza hadi barabarani, akapunga mkono mpaka gari likapotea. Akabaki amesimama. Kisha akavuka kwenda gereji ya Juma.

Juma alicheka alipomwona. "Mama, oili chafu tena? Hiyo mchwa ya nguzo zako haikufi?"

"Haifi, mwanangu. Nijazie dumu hili."

Alishuka nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akaliinamisha dumu kijitoni.