Pakiti ya Kijani

Simu ya majaribio iliikataa tena programu ya Pei-shan, na wateja waliokuja kuiona walikuwa wameshaingia kwenye lifti.

"Dada, mashine imekususia," mwenzake alimtania. "Hebu iangalie pakiti yake."

Juu ya kompyuta ilikaa pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, hirizi ya kila fundi wa Taipei anayetaka mashine yake iwe na adabu; ikipitwa na tarehe, husemwa, nguvu zake nazo huisha. Pei-shan aliigeuza, vumbi likamganda vidoleni. Ilikuwa imeisha muda.

Akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Alifungua mipangilio, akatafuta tarehe ya cheti kinachoiruhusu programu kuingia kwenye simu.

Nacho kilikuwa kimeisha muda.

"Kimbia dukani!" alimwambia mwenzake, huku tayari akiomba cheti kipya. "Ya kijani, kama taa ya mashine nzima. Ukileta ya njano, rangi ya onyo, usirudi!"