Majani ya Mashaka

Hawakuwahi kumtoa matembezi, lakini Jumapili hiyo wanawe walimleta Bi Salome kwenye bustani ya ziwani, wakamnunulia hata soda. Walizunguka ziwa taratibu. Kila alipoona majani mabichi, aliinama akamkatia Mashaka, ng'ombe wake.

"Mama, leo si upumzike!" alisema Erasto, mwanawe mkubwa.

"Na Mashaka atakula nini jioni?"

Mjukuu wake Editha akamvuta kanga. "Bibi, Mashaka ameshaondoka. Baba alisema lori limchukue tukiwa huku, ili usilie."

Erasto akageukia maji.

Bi Salome hakulia. Walipofika getini, wote walielekea kwenye gari. Yeye alijitwika mzigo wake wa majani, akaanza kulizunguka ziwa upya.