Tone la Mwisho la Tosha

Mbegu za siku hizi hazijui kuacha kukua. Kila asubuhi kila ncha ya mmea hudondoshewa tosha, dawa inayoiambia ikomee hapo, la sivyo hunenepa na kutambaa bila kikomo.

Tusekile aliporudi kutoka kliniki alisikia mabati ya nyuma ya nyumba yakilia. Alizunguka, akakuta mmea wa maboga umepanda ukutani na kuanza kuinua paa, ncha yake pana kama mgongo wa ng'ombe.

"Mama," alimwita mama mkwe wake, "huu hukuutia tosha?"

Mama mkwe alikuwa na sufuria kiunoni, akivunja majani machanga kwa ajili ya chakula cha jioni.

"Huo ni wako, mwanangu. Mjamzito halishwi dawa. Nakuchumia hapa tangu mimba ikiwa changa, na wala hujawahi kulalamika."

Tusekile alijishika tumbo. Kule kliniki nesi alimpima tumbo kwa utepe, akarudia, kisha akamwita mwenzake naye apime. Waliandika kipimo kilichozidi mno miezi ya mimba yake.

Juu yao msumari wa bati uling'oka, ukaanguka karibu na miguu yao.

"Basi udondoshee upesi," mama mkwe alisema, sasa naye akiogopa.

Tusekile alitoa kichupa cha tosha mkobani. Lilibaki tone moja tu. Alikifungua, akasimama pale, asijue aupe mmea au anywe mwenyewe.